Amina ya Kadi ya Buluu

Nilipostaafu ukatibu wa kanisa letu hapa mtaani Tuwan, Kitale, sikutarajia kuitwa tena kuandaa mikutano. Nilikuwa nimesomea chuo cha Biblia, na maisha yangu yote yalikuwa vikao vya kanisa. Kisha kampuni moja ya kukamua mafuta ya alizeti ikanitafuta. Ilikuwa ikiandika taarifa yake ya mwaka, ile inayoeleza jinsi inavyotunza ardhi, maji na watu, na wanunuzi wa ng'ambo walitaka ushahidi kwamba watu wenyewe wameulizwa. Ilihitaji mzee anayejulikana Kitale na Bungoma, atakayewaita wadau na kuwaweka vitini hadi mwisho. Nilimshukuru Mungu, maana magoti yangu hayafai tena shamba.

Nilipewa kadi za kugawia watu mlangoni: kijani za wakulima, buluu za majirani wa kiwanda, njano za wafanyakazi. Mkutano wa kwanza ulikuwa Kitale, katika ukumbi wa kanisa. Mama mmoja kutoka upande wa Saboti alisimama mbele ya meza yangu akizitazama.

"Nichukue gani, mzee? Alizeti nauza. Kiwanda iko hapo juu ya boma yangu. Na binti yangu anapakia mafuta huko ndani."

"Chukua ile inayokuuma," nilimwambia.

Akachukua ya buluu.

Kilichomuuma ni maji. Kila Alhamisi kiwanda kilipoosha mapipa, kijito kinachopita chini ya boma lake kilishuka na utando wa mafuta, na ng'ombe wake wawili hawakunywa. Siku hiyo aliwapeleka kwenye kisima cha shule, mwendo wa saa nzima kwenda na kurudi. Alilieleza hilo bila hasira, akaketi. Wengine wakasema ya kwao, ya mbegu na ya barabara. Mwishoni nilifunga kwa maombi, ukumbi wote ukaitikia amina, tukala.

Wiki kadhaa baadaye nililetewa rasimu. Katika ukurasa wa majirani iliandikwa: "Wadau walikubaliana kwa kauli moja kwamba kiwanda ni jirani mwema." Nikampigia simu afisa wa kampuni aliyeiandika, mwanamke wa makamo, mwerevu, asiye na hila.

"Lakini walikubali, mzee," akasema. "Ratiba yako ninayo hapa. Jambo la saba: makubaliano na maombi ya kufunga. Uliomba, wakasema amina. Hakuna aliyekataa."

Nikatoa nakala yangu. Ilikuwa kweli. Katika vikao vya kanisa niliandika hivyo miaka yote, mstari mmoja, kwa sababu jambo lilikuwa limekwisha zungumzwa kabla hatujafumba macho. Hapa halikuwa limezungumzwa. Kosa lilikuwa la mkono wangu.

Rasimu ilibaki kusomwa mara moja tu, Bungoma, kabla ya kwenda kwa mchapaji. Nilimpigia yule mama wa Saboti, nikamsomea ile sentensi. Akauliza mkutano wa Bungoma unaanza saa ngapi.

Alifika kabla viti havijapangwa. Alikuwa ameibandika kadi yake ya buluu kwenye sweta, ile ile ya Kitale.

"Mzee, leo ukifunga, mimi amina sisemi."

"Mama, amina ni ya Mungu, si ya kampuni."

"Basi mwambie huyo anaandika."

Waliojaa ukumbini walikuwa wakulima wa Bungoma, karibu wote na kadi za kijani. Afisa alisoma rasimu kwa haraka. Mama akasimama, akaeleza tena habari ya Alhamisi. Afisa akajibu kwa upole kwamba taarifa ya mwaka huu imekwisha, hilo litaingia katika ya mwaka ujao. Kisha akanigeukia nifunge.

Harufu ya kuku ilikuwa imeshaingia ukumbini. Kwetu hakuna anayegusa sahani kabla ya maombi, wala anayeondoka. Nilisimama, macho yangu wazi.

"Sitafunga bado," nikasema. "Neno la huyu mama halijaandikwa."

Mkulima mmoja mnene wa safu ya mbele akajishika tumbo. "Ombea chakula, mzee, bana! Hiyo maji ya Saboti si itangoja tu?"

"Imengoja tangu mwaka jana," mama akamjibu bila kugeuka. "Wewe kuku imekungoja dakika kumi, ati unalia."

Watu wakacheka, na yule mkulima pia. "Haya, andika, madam," akamwambia afisa. "Andika mbio. Mimi niko upande wa ng'ombe."

Afisa aliitazama saa, akanitazama mimi, akafungua kompyuta yake. Katikati alitoka nje kumpigia meneja, tukamngoja. Aliporudi aliandika, akasoma kwa sauti: "Majirani walio chini ya kiwanda hawakukubali. Walieleza kwamba kila Alhamisi maji ya kuoshea mapipa hushuka na mafuta, na mifugo haiyanywi. Kampuni itachimba shimo la kuchujia."

Nikawauliza wenye kadi za buluu kama ndivyo. Kadi ya buluu ilikuwa moja.

"Ndivyo," akasema.

Nikaomba kwa ufupi. Sikutaja kiwanda wala maji. Sikutaka maombi yafanye kazi ya muhtasari wa kikao mara ya pili. Amina ilikuja kwa kishindo, kama inavyokuwa watu wakiwa na njaa, na nyuma yake ikafuata ya mwanamke mmoja, ya sauti ya chini.

Shimo lilichimbwa kabla ya mvua. Alhamisi ya kwanza nilikwenda Saboti kuona. Kwa macho yangu kijito kilikuwa safi, lakini ng'ombe walikuwa ndio wanarudi kutoka kisima cha shule.

"Mbona bado unawapeleka huko?"

"Nangoja Alhamisi tatu, mzee. Moja inaweza kuwa ya kuonyesha wageni tu."

Nikamwambia nitakuja zote tatu. Akaingia ndani kuniletea kiti.