Jino yenye mama alifunga na uzi ya nyavu

Kwa dokta wa meno kunanuka karafuu, sawa na mudomo yangu siku ile nikiwa mutoto. Tonton, mudogo wa papa, alinipiga kasia ya pirogi kwenye mudomo sababu niliangusha samaki yake kwenye muto. Jino iliruka. Yeye akacheka: «Usilie, itaota ingine!»

Mama akaiokota, akairudisha na kidole gumba, akaifunga na uzi ya nyavu, akapakaa karafuu. «Watu wakiuliza, sema uliteleza ndani ya pirogi.»

Leo dokta ananionyesha picha. Muzizi imekwisha; mwili yangu yenyewe iliikula pole pole, tangu kipigo ile.

Ananiuliza: «Mama, zamani ulianguka?»

«Nilianguka.»

Anaanza kuandika.

«Dokta, futa hiyo. Andika: tonton yangu, na kasia.»