Mwanamke Aliyeonja Kasiksi

Mtu asiniambie nilikuwa nimelewa. Siku ile sikunywa hata tone, na ndiyo maana niko hai kukusimulia.

Nilitoka Bukavu asubuhi bila mpango, kama kawaida yangu. Shule niliiacha mapema, njia sijaiacha. Pikipiki ikanishusha Miti, nikaingia mbugani pamoja na mwongozaji. Nikamwona gorila dume, mgongo mweupe kama majivu, akivunja mianzi bila kutujali. Ningeweza kurudi nyumbani. Lakini nani anarudi akiona ziwa linang'aa kule chini? Nikadandia lori hadi Kalehe.

Ufukoni alikaa mwanamke wa kitenge cha njano, kovu shavuni, na kibuyu cha kasiksi, ile pombe yetu ya ndizi.

"Tonton, mjomba wangu, uko natafuta pa kulala? Panda kwa Papa wa nyumba ya wageni, pale juu. Umupelekee hii."

Unajua desturi yetu: anayekupa kinywaji huonja kwanza, usiogope sumu. Akaonja. Niamini, nilimtazama: povu lilibaki mdomoni, lakini koo halikucheza. Nikaomba funda moja.

"Wewe hapana. Haukunikosea. Yeye alinipatiaka bila kuonja."

Nikacheka. Nilidhani ni utani wa mashemeji.

Papa alinipokea vizuri, akanionyesha kitanda, kisha akakitazama kibuyu.

"Nani ameonja?"

"Mwenyewe, mbele ya macho yangu."

Akanywa nusu nzima, ndipo akauliza huyo mwenyewe anafananaje. Nikamtajia kitenge, nikamtajia kovu. Mke wake akaangusha sahani.

"Papa, ile njo nguo tulimuzika nayo! Iko bibi yako wa kwanza!"

Papa akajaribu kutapika, hakuweza. Hata mate hayakumezeka. Kabla jua halijazama, tulikuwa tunamfunika shuka.

Ningelala wapi tena? Nililala palepale, kitanda nimekisukumia mlangoni. Asubuhi kibuyu kilikuwa jikoni, kimejaa hadi shingoni. Yule mjane alisimama mbele yake.

"Tonton, mimi nilimubebea tu kikombe siku ile Papa alimuwekea sumu. Na mimi pia?"

Niliondoka bila kuaga. Tangu hapo nanywa maji niliyoyateka mwenyewe, na kasiksi ikinukia tu, nainuka naondoka.

Wewe unayetembea kama mimi, ukipewa kinywaji njiani, usitosheke kwamba mtu ameonja. Tazama koo lake.