Gari la Kifahari na Ng'ombe Wawili

Jumatatu nilikuwa gereji hapa Dodoma, nikingoja baiskeli yangu izibwe pancha, alipofika mzee mmoja wa Kondoa mwenye duka mjini. Alikuwa amenunua gari la kifahari la Mzungu wa Kongwa aliyerudi kwao, na watu sita walikuwa wakilisukuma. Ijumaa lilitakiwa kumbeba binti yake, bibi harusi.

Fundi, Mhindi mwenye miwani iliyofungwa uzi, alilala chini ya gari kitambo. Alitoka akitikisa kichwa.

"Rejeta inavuja, mzee. Giaboksi imekufa. Vipuri mpaka viagizwe Ulaya, na kwa bei yake utauza ng'ombe kumi."

Mzee alivua kofia, akajifuta jasho. "Honi inalia?"

"Inalia."

"Breki?"

"Breki nzima."

"Basi lioshe tu, bwana fundi. Ng'ombe kumi wote wa nini? Wawili wananitosha."

Fundi alinitazama, nami nikamtazama. Hatukuelewa.

Ijumaa tulielewa. Gari lilipita mbele ya gereji likimeremeta, likivutwa na maksai wawili waliofungwa kanga shingoni. Mzee mwenyewe alishika usukani, akipiga honi kila hatua, na akina mama walilizunguka kwa vigelegele. Fundi alifunga gereji, tukafuata.

Lilipokuwa la Mzungu, gari lile tulilijua kwa vumbi lake tu. Siku hiyo tulitembea nalo bega kwa bega mpaka kwenye pilau.