Daifuku za Bibi Haruko: Siku Yangu ya Al Rayyan

Sikwenda Al Rayyan kwa kupenda. Nilikwenda kwa sababu Achieng alishikwa na homa.

Achieng na mimi tunauguza wazee majumbani hapa Doha. Yeye ametoka Siaya, mimi Wundanyi, na tunaishi chumba kimoja Al Wakrah. Ijumaa jioni nilimkuta amejifunika blanketi hadi kidevuni, meno yanagongana, na kiyoyozi amekizima.

"Mghoi, nishikie kesho," akaniambia. "Ni yule bibi Mjapani wa Al Rayyan. Kazi yake si ngumu. Ila kesho wanapika daifuku."

"Daifuku ni nini?"

"Ni peremende zao, laini kama shavu la mtoto. Nje ni unga wa mchele wa kunata, ndani maharagwe matamu na tunda. Bibi amezililia miezi mingi, na binti yake ameshindwa kukataa." Akanyanyuka kidogo kwenye mto. "Sasa sikiza. Bibi alipata kiharusi. Maji yenyewe anakunywa yakiwa yametiwa unga wa kuyafanya mazito. Na hicho kitu kinanata. Huko kwao wazee hukwamwa nacho kooni wakafa. Usimwondolee macho hata dakika moja."

Nikamwambia sawa, lakini nilikuwa nimeshaogopa. Kuna jambo ambalo Achieng hakulijua. Kabla ya kuja huku nilifanya kazi katika hospitali moja ndogo ya binafsi, na siku moja mgonjwa alipaliwa na mkate mbele yangu. Mimi ndiye niliyekuwa karibu. Nilisimama na trei mkononi, sikusogea, sikupiga kelele, mpaka mwenzangu alipokuja mbio kutoka upande wa pili wa wodi akamwokoa. Mzee yule alipona, na hakuna aliyenilaumu, kwa sababu hakuna aliyeniona. Tangu hapo nimehudhuria mafunzo ya huduma ya kwanza mara tatu. Kwenye sanamu ya plastiki mikono yangu ni hodari sana. Kwa mtu aliye hai sikuwa nimeijaribu.

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi nilitoka kwenda kupanda metro. Jua la Agosti lilikuwa limekwisha kuanza kazi, na miwani yangu ikajaa ukungu nilipotoka mlangoni. Nilikaa katika behewa la familia. Mbele yangu mtoto wa miaka kama mitatu alikuwa anakula biskuti, naye mama yake anaangalia simu. Nikajikuta namtazama mtoto yule koo, namhesabia kila anapomeza. Mama akainua macho, akaniona, akamgeuza mtoto upande wa dirisha. Sikumlaumu.

Msheireb ndipo mtu anapobadilisha treni. Nilishuka na watu wote, nikafuata mishale hadi laini ya kijani, treni ikaja, milango ikafunguka, nami nikabaki nimesimama. Ikaondoka bila mimi. Nilikuwa nimetoa simu, namtafuta msimamizi wetu nimwambie kwamba mimi pia nimeugua. Kidole kilikuwa juu ya jina lake. Kilichonizuia si ushujaa. Niliwaza tu kwamba nisipokwenda mimi, daifuku zitapikwa vilevile, na bibi yule ataachwa nazo mezani na watu wasiojua kitu. Treni iliyofuata nikapanda.

Nje ya stesheni ya Al Rayyan Al Qadeem nilichukua teksi. Dereva alikuwa Mganda, mtu wa makamo, akanitazama kwenye kioo.

"Sista, kwani unaenda polisi?"

"Naenda kazini."

"Basi hiyo kazi ni mbaya. Umeshika huo mkoba kama mtu atakunyang'anya."

Nikaulegeza mkoba. Akacheka, lakini kwa huruma, na aliponishusha langoni akaniambia, "Mungu yuko, sista."

Saa tatu kasoro dakika kumi nilibisha mlango. Mwenye nyumba aliitwa Naomi, jina la shangazi yangu mwenyewe, nami nikashangaa kwamba ni jina la Kijapani pia. Alinipa malapa ya ndani na kuniongoza jikoni, akizungumza Kiingereza cha polepole. Mumewe, Kenji, ni injinia. Tulimsikia chumba cha pili akiongea na simu ya kazi. Na pale mezani, kwenye kiti cha magurudumu, alikaa mama yake Naomi, Bibi Haruko. Alikuwa mdogo wa mwili, nywele fupi nyeupe, mkono wa kulia umelala mapajani bila nguvu. Jicho lake lilinipima kuanzia malapa hadi kichwani.

Nikampima na mimi. Niliinua mgongo wa kiti ukasimama wima, nikamtazama akimeza vijiko viwili vya maji mazito, nikasikiliza kama sauti yake ina majimaji, dalili kwamba kitu kimeingia njia ya hewa. Haikuwa na kitu. Hofu yangu haikupungua.

Kisha kazi ikaanza, na Bibi ndiye aliyekuwa mkuu wa jiko. Maharagwe mekundu madogo yalikuwa yamechemshwa jana yake na kupondwa na sukari mpaka yakawa kama udongo wa kufinyangia. Naomi alichukua stroberi moja moja, akazifunika kwa maharagwe hayo na kuziviringa vidonge. Nyingine alitumia vipande vya embe. Baadaye akakoroga unga wa mchele, sukari na maji katika bakuli, akaufunika na kuuingiza kwenye maikrowevu. Akautoa, akaukoroga, akaurudisha. Mara ya tatu ulitoka ukiwa umebadilika kabisa: unang'aa, unapitisha mwanga, na mwiko ulipoinuliwa ukavutika juu bila kukatika, kama kitu chenye uhai.

Nilipouona ule uzi mrefu nilitamani kukimbia. Niliwaza jinsi utakavyokaa kooni mwa mtu, na jinsi kidole kitakavyoshindwa kuutoa.

Naomi aliumwaga juu ya trei iliyonyunyizwa wanga wa mahindi. Bibi akasema neno kali. "Anasema uwahi kabla haujapoa," Naomi akanitafsiria, "na upake mikono wanga." Nikapaka. Unga ulikuwa wa moto wa kuunguza. Nilikata kipande, nikakitandaza kiganjani, nikaweka kidonge katikati na kujaribu kukusanya kingo. Changu kilipasuka, stroberi ikachungulia. Bibi akakichukua kwa mkono wake wa kushoto, akakibana kwa vidole vitatu, akakigeuza, na kikakaa mviringo mzuri pasipo kovu. Akanitazama. Kwa muda ule mfupi nilisahau kuogopa.

Saa tano tulikuwa na daifuku kumi na nne kwenye trei. Hapo Bibi akanyoosha mkono kutaka moja.

"Madam, siwezi kumpa," nikasema.

"Moja tu?"

"Siwezi."

"Kipande kidogo?"

"Hata cha ukubwa wa punje. Unga huu hauvunjiki mdomoni. Ataumeza mzima." "Nipe stroberi na maharagwe. Nitaviponda viwe laini kabisa, ale ladha yote ya ndani. Ile ya nje aishike kwa mkono."

Naomi akamweleza. Bibi akautazama ukuta. Machozi yake hayakudondoka, ila nilimwona akiyameza, na hilo nalo nikalichunga lisimpalie. Mwishowe akafungua mdomo, kama mtu anayekubali dawa.

Nikaketi mbele yake, goti kwa goti, mgongo wangu ukielekea sehemu nyingine yote ya jiko. Kijiko cha kwanza. Nikangoja koo lipande na kushuka. Cha pili. Nyuma yangu nilimsikia Kenji akiingia, bado na simu sikioni, akicheka na mtu wa upande wa pili. Naomi alikuwa kwenye sinki, maji yanamwagika. Cha tatu.

Macho ya Bibi yakabadilika. Yakatoka, mdomo ukafunguka, akaanza kupiga meza kwa kiganja, pa, pa, pa.

Nikajua limetokea. Nikamshika kidevu, nikachungulia kinywani: mtupu. Nikamwinamisha mbele, nikainua mkono kumpiga mgongoni, na mkono ukabaki hewani. Nikaganda kama siku ile ya mkate. Bibi akanisukuma kifuani kwa nguvu ambayo sikudhani anayo, akanyoosha kidole nyuma yangu.

Kenji alikuwa amesimama karibu na friji. Simu ilikuwa imeanguka chini na bado ilikuwa inaongea. Mikono yake miwili ilikuwa shingoni, uso umeanza kuwa wa rangi ya zambarau, na hakuwa anatoa sauti hata kidogo. Kwenye trei palikuwa na nafasi tupu ya daifuku moja.

Sijui nilisimama vile kwa muda gani. Najua kwamba Bibi alipiga meza tena, na safari hii miguu yangu ikaenda.

"Madam, piga simu ya ambulensi!" nikapiga kelele. Nilimwinamisha Kenji juu ya sinki, nikampiga katikati ya mabega kwa kiganja: moja, mbili, tatu, nne, tano. Hakuna kitu. Ni mtu mrefu, mimi ni mfupi. Nikamkumbatia kwa nyuma, nikaweka ngumi juu ya kitovu chake, nikavuta kwa ndani na kwa juu. Hakuna. Nikavuta tena. Magoti yake yakaanza kulegea, na uzito wake wote ukanijia. Nikavuta mara ya tatu huku nikimwomba Mungu kwa Kitaita. Mara ya nne nikasikia sauti ya kuzibuka, na donge jeupe lenye wekundu wa stroberi likaanguka kwenye sinki. Kisha nikasikia pumzi, ndefu, yenye mkwaruzo. Sijawahi kusikia kitu kizuri kama hicho.

Wahudumu wa ambulensi walifika, wakampima kifua na tumbo, wakamchukua kwa uchunguzi zaidi, na kabla ya saa nane Kenji mwenyewe akapiga simu kusema kwamba yuko sawa, ila mbavu zinauma. Naomi alikaa sakafuni akalia. Aliponyanyuka akabeba trei nzima aitupe jaani. Bibi akasema neno moja tu, na Naomi akairudisha mezani, akaifunika kwa kitambaa.

Halafu Bibi akazungumza kwa kirefu, akiniangalia. Naomi akatafsiri huku akifuta macho.

"Anasema wewe ulikuwa unamchunga yeye kama mwizi. Yeye alikuwa anamchunga mkwe wake. Anasema miaka yote mtu huyu hula kama anayekimbilia treni."

Nikacheka, na kicheko kikageuka kitu kingine, ikabidi niombe kwenda msalani.

Saa kumi jioni nilianza safari ya kurudi. Achieng alikuwa ameketi kitandani anakunywa uji.

"Bibi yuko salama?"

"Yuko salama."

Nikamsimulia yote, pamoja na ule mkono uliobaki hewani, pamoja na mgonjwa wa mkate. Alipoona nimemaliza akanisogezea kikombe chake cha uji, nami nikanywa.

Nilichojifunza ni hiki. Hofu ilikuwa imenionyesha mtu mmoja tu wa kumwangalia, nikawapa wengine wote mgongo. Mgonjwa aliyeandikwa kwenye faili langu ndiye aliyeona, na mzima ndiye aliyekuwa anakufa.

Jumatatu Naomi aliniandikia ujumbe. Kenji amerudi kazini. Bibi anataka kutengeneza nyingine, za embe tupu, na anataka nije mimi na Achieng pamoja. Niliusoma nikiwa na hofu ileile. Nikajibu kwamba tutakuja, lakini hakuna atakayekula amesimama, simu zitabaki chumba kingine, na mimi nitachagua kiti ambacho kinaona kila mtu.