Dada Utaongea wa Mwisho

Pale kwa dobi alikofanya kazi walimwita Taratibu, naye hakuchukia. Shati alilolipiga pasi yeye, kola yake ilisimama kama askari wa gwaride. Ila maneno ndiyo yaliyompa taabu. Ukimwambia mambo matatu kwa mpigo, yalimchanganyikia kichwani kama nguo nyeupe na za rangi kwenye beseni moja.

Ndiyo maana, tangu mama yao afariki, dada yake mkubwa alimwamulia kila kitu, kuanzia viatu mpaka saa ya kulala. Alifanya kwa mapenzi, hilo halina ubishi.

Siku moja mwenye duka hilo la dobi akaja na habari: anafungua tawi upande wa pili wa mji, anamtaka Taratibu huko, na chumba cha kulala kipo nyuma ya duka.

"Haendi," akajibu dada, aliyekuwa amemletea chakula cha mchana, Taratibu hata hajafumbua mdomo.

Taratibu akaiweka pasi kando. "Dada, hili nataka kuamua mwenyewe. Nitatafuta watu wa kunisaidia kufikiri."

Akamchagua shangazi yao, kwa sababu shangazi humngoja mpaka amalize kusema. Akamchagua na fundi viatu wa jirani, mtu asiyejua kumpaka mwenzake mafuta kwa mgongo wa chupa.

"Na mimi niliyekulea je?" dada akauliza, amenuna.

"Wewe unanipenda mno, mpaka hunisikii. Njoo, lakini utaongea wa mwisho."

Shangazi aliposimuliwa hayo, alicheka mpaka akashika mbavu.

Wakaenda wote kukiona chumba. Shangazi akamweleza jambo mojamoja, pole pole: kupika, kufunga mlango, ukiugua umwite nani. Fundi akaitazama dari. "Mvua ikinyesha, utaogea kitandani," akasema. Zamu ya dada ilipofika, machozi yalimlenga. "Nyumba itapooza bila wewe."

Wote watatu walitamani abaki. Taratibu akakaa kwenye ngazi ya duka, akafikiri wee, kisha akainuka.

"Nimewasikia. Nahamia. Ila dari izibwe kwanza."

Ikazibwa. Wiki ya kwanza aliunguza chakula mara mbili, akawa anampigia shangazi simu sufuria ikiwa jikoni. Kuta akazipaka rangi ya chungwa, bila kumuuliza mtu.

Jumapili dada akaja kumtembelea, akapiga hodi.

"Nani?"

"Mimi bwana, fungua!"

"Ngoja kidogo, dada. Nachana nywele."