Msimu wa Mpira wa Yai, Kibiti

Siku yangu ya kwanza kazini, Mwalimu wa Michezo alinikabidhi ufunguo wa stoo na mpira uliochongoka ncha mbili kama papai. Nilikuwa nimemaliza darasa la saba na kuajiriwa mtunza vifaa katika chuo kidogo cha kilimo, nje kidogo ya Kibiti.

"Huu umebanwa na mizigo," akasema. "Jaza upepo mpaka uwe duara."

Nikapiga pampu. Ulipopasuka, wapishi walitoka jikoni wakikimbia.

Ilikuwa miaka ya ruksa, biashara ilipofunguliwa. Vitu vya nje vilimiminika: mitumba, redio, hata walimu wa kujitolea. Wetu alikuwa Mmarekani wa hesabu, tukimwita Kochi, na mpira ule aliuagiza yeye. Alipoona vipande alishika kichwa, kisha akatoa mwingine guniani. Kwao, alitueleza, mpira huu hukimbiwa nao mkononi, na mtu huangushwa kwa makusudi. Mkuu wa Chuo alimwomba arudie hilo neno la mwisho.

Kofia ngumu zenye vyuma vya kukinga uso, alizoagiza pamoja na mpira, zilitosha. Mapedi ya mabegani hayakutosha, hivyo nilishona mengine kwa turubai nikayajaza sufi. Sufi yenye unyevu hushikana mabonge na haikingi kitu, kwa hiyo niliianika kwanza juani, nikaichambua kwa mkono. Mapedi mazito niliwapa wafungua njia. Hao ni wachezaji wa mbele ambao mpira hawaugusi. Kazi yao ni kumwondoa mpinzani ili mwenzao mwenye mpira apite.

Mfungua njia wetu bora alikuwa Nassoro, mwanachuo kutoka Mbwera, mpole mwenye shingo fupi. Msimu wote ule alikuwa na jambo moja tu moyoni. Alikuwa amepeleka posa Ikwiriri kwa Mzee Mketo, kumposa binti yake Zaina, na jibu lilikuwa bado. Mshenga wake alikuwa Mwalimu wa Michezo.

Mchezo wa kwanza tulicheza na vijana wa Mohoro, waliokuwa na Mmarekani wao. Walitufunga vibaya. Nassoro alikuwa akimwangusha mtu, anainama, anamshika mkono. "Pole, ndugu yangu." Yule anainuka, anashukuru, kisha anakwenda kumkamata mwenzetu mwenye mpira.

Kochi alimwita pembeni. "Umemwangusha, halafu unamwinua?"

"Ameanguka, Mwalimu."

"Ndiyo. Wewe ndiye uliyemwangusha."

"Ndiyo maana nampa pole."

Basi Kochi akaweka sheria: hakuna pole kabla ya filimbi. "Usisimame, Nassoro. Usitazame chini. Songa." Aliwazoesha hivyo kila jioni. Tulirudiana na Mohoro, tukafungwa tena, ila kwa taabu. Mchezo ulipokwisha Nassoro alizunguka uwanja mzima akiwatafuta aliowaangusha, awape pole zao mmoja mmoja. Walimcheka sana.

Mchezo wa mwisho ulikuwa Ikwiriri. Mzee Mketo alikaa mbele na watu wa nyumbani kwake, Zaina akiwamo. Mwanawe Selemani, kaka yake Zaina, alichezea timu ya pale. Tulikuwa sawa mpaka karibu na mwisho. Mpira ukarudishwa nyuma kwa mwenzetu, Nassoro akamgonga Selemani kifuani, Selemani akaanguka chali asiinuke. Njia ya mwenzetu ilikuwa hapo hapo. Nassoro akamruka Selemani, akasonga mbele, mwenzetu akapita akafunga.

Tulishinda, na hakuna aliyepiga kofi. Kwetu mtu aliyelala harukwi. Hata mtoto akiwa mkekani unamzunguka, na ukimruka kwa bahati mbaya unamruka tena kurudi ulikotoka. Kina mama walikuwa wameziba midomo kwa kanga. Nassoro alipogeuka kwa filimbi, akamwona Selemani bado yuko chini, alivua kofia akakaa mchangani. Nami niliganda na ndoo yangu ya maji.

Mtulinga wa Selemani, mfupa wa begani, ulikuwa umevunjika. Siku chache baadaye tulikwenda kwao, Mwalimu wa Michezo, Nassoro na mimi, nikiwa nimebeba sukari. Mzee Mketo alitandika mkeka uani, akamlaza mwanawe.

"Mruke urudi."

Nassoro akavua viatu, akaruka.

"Taratibu, shemeji, nina bega moja tu," akasema Selemani, akicheka.

Baba yake akamkata jicho. Nassoro alikuwa ameshalisikia lile neno, akamgeukia mzee.

"Ndiyo, tulikuwa tumekwisha kukubali," akasema Mzee Mketo. "Nilikuja uwanjani nikuambie mbele ya wenzako. La Selemani limekwisha, mwanangu, tumesameheana. La Zaina, mwenyewe amekataa. Anasema alikutazama, na hukugeuka nyuma."

Mwalimu wa Michezo, mshenga mzima, alinyanyuka akaomba ruhusa ya kuondoka.

Tuliporudi na habari hiyo, Kochi alirudia kuniuliza, "Lakini si tulishinda?" Muda wake ulipokwisha akaenda kwao, na mchezo ukafia hapo. Mkuu wa Chuo aliyefuata aliniamuru nitoe sufi yote, ikajazwa mito ya bweni. Mimi nikahamishiwa stoo ya pembejeo, kisha ofisini kwa Mkuu kama mhudumu, mpaka nikastaafu.

Nassoro alipata kuwa bwana shamba, akaoa Mohoro, na hupita kwangu kunijulia hali. Vijana wakisikia habari za mpira wa yai huniuliza kama kuna siku tuliwahi kushinda. Tulishinda mara moja. Nassoro akiwapo, huwajibu hapana.