Kimia Hushikwa kwa Meno

Siku daktari alipomng'oa Verdell Chisolm jino la mwisho, kisiwa kizima kilimstaafisha bila kumuuliza. Kimia hushikwa kwa meno: ukingo mmoja wa wavu unauuma, mwingine unaushika mkononi, unajizungusha, kisha unaachia vyote kwa pamoja nao unatanda juu ya hori, mkono mwembamba wa bahari. Asiye na meno harushi. Asiyerusha hapati mikizi wadogo wa chambo, na bila chambo hai wale samaki wekundu wenye doa jeusi mkiani watampita hivi hivi. Ndivyo watu walivyopiga hesabu, na aliyeipiga kwa sauti kuliko wote ni Kuta, mdogo wa marehemu mumewe.

"Shemeji, wewe kaa barazani," alimwambia. "Mimi nitakuwa nakuletea samaki."

"Nani alikufundisha kurusha, Kuta?"

"Wewe. Enzi za meno yako."

Maneno hayo yalimchoma. Tangu afiwe, Verdell hakuwahi kula samaki wa kupewa, na hakuona kwa nini ufizi umfanye ombaomba.

Asubuhi moja ufizi ulipokwisha pona, maji yalipoanza kupwa, aliteremka horini na meno mapya ya bandia mdomoni. Kuta alikuwa keshafika, amekaa juu ya ndoo akingoja kichekesho. Akakipata. Verdell aliuma, akajizungusha, akaachia. Kimia kikaruka, na meno ya juu yakakifuata mbio mbio mpaka kwenye maji ya tope. Kuta alicheka hadi akashika mbavu.

"Kaa wamepata meno leo," alisema. "Wataoa."

Verdell alikivuta kimia. Hakikuwa na samaki wala meno. Akayatoa yale ya chini, akayatia mfukoni. Alikuwa amekasirika kwelikweli. Alijaribu kuuma kwa ufizi mtupu. Kamba ikateleza na chubwi, vile vizito vya ukingoni, zikampiga kidevuni, damu ikatoka. Kicheko cha Kuta kikakatika.

"Basi, shemeji. Utajiumiza bure."

"Kidevu ni changu."

Akavua kitambaa chake cha kichwa, akakizungushia ukingo wa kimia, akaubana kwa ufizi mpaka machozi yakamtoka. Akarusha. Kimia hakikutanda duara kama zamani. Kilikwenda upande upande, kikiburuta kitambaa chake. Hata hivyo kilizama pale alipotaka, na alipokivuta, mikizi walikuwa wakirukaruka ndani.

Alimtia mmoja kwenye ndoana, akamtupa mdomoni mwa mfereji, pale maji yanapotoka kwenye majani. Hakungoja sana. Fimbo ya ndoana ilipinda, naye akavutwa majini mpaka magotini. Kuta alikurupuka, akanyoosha mkono kuishika.

"Toa mkono wako hapo."

Akautoa. Verdell alihangaika na samaki yule peke yake, akimpa kamba, akimnyang'anya, mpaka akamlaza topeni, mwekundu, akiguna kama mzee aliyeamshwa usingizini.

Kuta alimtazama samaki, kisha akautazama mdomo wa shemeji yake uliobonyea. "Sasa utamlaje?"

"Nitamchemsha mpaka alegee, nimponde na wali," alisema Verdell. "Wewe una meno yako yote, Kuta. Samaki wa kutafuna yuko wapi?"

Kuta alirudi akaketi. Ndoo yake ya samaki alikuwa ameifudikiza na kuikalia tangu asubuhi.